Barua Yenye Nilichora Bila Kujua Kusoma

Sanduku waliipigilia ku ukuta siku ya kwanza ya juma, kule juu ku koridoro ya walimu, mbele kabisa ya mulango ya biro ya asistan mumoja, mwalimu wa cheo ya chini. Mimi nilikuwa pale na mufagio yangu. Nikamwambia fundi, "Papa, sogeza kidogo. Hapa mwenye biro ataona kila muntu mwenye anatia karatasi." Fundi akanijibu na misumari mu mudomo: "Mama, wameniambia ukuta hii, mimi napiga ukuta hii." Akapiga. Sanduku nzuri, ya mbao, rangi ya bluu, na kufuli mupya. Juu yake walikuwa wameandika kitu. Nikamuuliza inasema nini. Akaangalia, akasema, "Inasema: usiogope."

Mimi ninaosha sakafu ya iniversite hii tangu wakati milango haikuwa hata na vitasa. Sikusoma. Baba yangu alisema masomo ya musichana inaishia ku chungu, na mimi nikakubali sababu nilipenda kula. Haya maneno nimeyasema kwa mudomo, mwengine ameandika, na nimemukataza asipambe kitu. Lakini kama mimi sikusoma, masikio yangu imesoma. Haikukosa hata siku moja. Rekta wetu anasema kama muntu mwenye anapima kila kipande ya neno ku mizani: "Tu-ta-o-na. Tu-ta-a-nga-li-a." Sekretere wake, kila kitu anaanza na pumuzi: "Hhh. Leo hapana, Mama." Na Papa sentinel, mulinzi wa ku porte kubwa ya kuingilia, muntu wa kule kaskazini ya ziwa, yeye anasema kama anasukuma mutumbwi: "Wee Mama. Umechelewa. Wee." Nikizisema sauti zao, wanafunzi wanakaa chini kwa kucheka. Siku moja Rekta mwenyewe alinikuta niko Rekta. Alisimama nyuma yangu, akangoja nimalize, akasema, "Tu-ta-o-na," akaenda zake. Namupenda yule Papa.

Wanafunzi wananiita Kambo, vile muntu wa huku anaita muzazi wa muzazi wake. Na mimi, vile kambo anafanya na wajukuu, vijana wote ni mabwana zangu, na wasichana wote ni mbanda zangu, wake wenzangu wenye kuja kuninyanganya mabwana. Asubuhi kijana anapita, namuuliza, "Bwana yangu, jana haukurudi nyumbani, ulilala ku nani?" Anajibu, "Kambo, nilikuwa natafuta mahari yako, bado mbuzi mbili." Musichana anapita, namwambia, "Mbanda, paka mafuta mupaka ushibe, bwana ananipenda mimi." Anajibu kama meno yangu imeenda likizo na haikuacha barua. Hiyo njo salamu yetu. Mutoto wa hapa anazaliwa anaikuta.

Sasa ile sanduku ilikuja na mafundisho. Walituita wote mu oditwar, ukumbi kubwa ya masomo: walimu mbele, wanafunzi katikati, na sisi wa mifagio na wa porte nyuma ku ukuta. Mama mumoja mwenye anafundisha sheria alisimama. Yeye njo walimuweka kichwa ya komite mupya, komite ya kulinda wanafunzi na wafanyakazi. Muntu murefu, miwani ku kamba, sauti laini kama anaogopa kuamusha mutoto. Kila neno anaanza na "Wapendwa."

"Wapendwa, mwalimu hawezi kuita mwanafunzi nyumbani kwake. Wapendwa, pointi inapatikana kwa kalamu, haipatikane kwa mwili. Mukubwa wa kazi hawezi kutia mukono ku mufanyakazi wake. Na maneno ya mapenzi, Wapendwa, kwa muntu mwenye masomo yake ao kazi yake iko mu mukono yako, hapana. Hata kwa muchezo, hapana."

Nikainua mukono. "Mama, na mabwana zangu?"

"Mabwana gani, Mama?"

"Hawa. Kuanzia yule wa shati ya njano."

Oditwar ikacheka mupaka madirisha inatetemeka. Yule wa shati ya njano akasimama, akainama kama bwana harusi. Mama wa komite naye alicheka, aliondoa miwani, akapanguza macho, akairudisha. Kisha akasema pole pole, "Mama, kuanzia leo hata hao, hapana. Sheria ni moja kwa wote." Basi ile sheria yote ya kulinda watu, muntu wa kwanza kukamata ilikuwa mimi. Papa sentinel akaniinamia ku sikio: "Wee Mama. Umepewa talaka mbele ya iniversite nzima. Wee."

Mwisho akasema, mwenye ana shida aandike, atie mu sanduku, yeye mwenyewe atafungua kila siku ya tano, na hakuna muntu atajua nani aliandika. Wakapitisha karatasi ya kukubali sheria. Wengine waliandika majina, mimi nikatia kidole.

Juma ile nilisalimia watoto kama polisi. "Bonjour, mwanafunzi." Wakaniuliza kama ninaumwa. Juma ya pili nikarudia salamu yetu, sauti chini kidogo.

Na sanduku ikakaa. Kila asubuhi naipanguza vumbi, na nikiipanguza naitikisa kidogo, nasikiliza. Hakuna kitu. Siku ya tano Mama wa komite anakuja na ufunguo yake, anafungua, anachungulia, anatia mukono ndani kama muntu mwenye anatafuta yai, anafunga. Juma ya kwanza, ya pili, mupaka ya ine. Asistan wa ile biro alikuwa anatoka, anagonga sanduku na kidole. "Unaona, Mama? Tupu. Kwetu hapa ni amani." Sauti yake ilikuwa tamu, inateleza, na kila musichana kwake ni "mutoto wangu." Nilikuwa naweza kuisema tangu siku ya kwanza. Lakini sikuisema mbele ya watu hata siku moja. Nilikuwa siipendi mu mudomo yangu.

Kulikuwa na musichana mumoja wa Moba, muji ya kando ya ziwa. Mama yake anakausha mikebuka kule, na boti ikija inaleta kifurushi ya samaki, na ndani yake kila mara kuna mbili ao tatu zimefungwa mbali, zangu. Mimi na yule Mama tulikuwa hatujaonana. Alisikia tu kama kuna muzee mwenye anaangalia mutoto wake. Musichana alikaa kwa shangazi yake ngambo ya muto Lukuga, nyumba imejaa watoto, basi alikuwa anafika hapa mapema kuliko wote, anakaa ku ngazi na vitabu vyake. Naosha ngazi zote, ile yake naiacha mwisho. Huyo njo alikuwa mbanda mukali kuliko mbanda zote. Nilimwambia siku moja, "Mbanda, hii miguu ni ya korongo." Hakuinua hata macho ku kitabu. "Kambo, bwana anasema anapenda ndege. Kobe imemuchokesha." Nilicheka mupaka nikakaa juu ya ndoo.

Mwaka yake ya mwisho ikafika, mwaka ya kuandika travai, ile kitabu mwanafunzi anaandika kwa kumaliza masomo na kuitetea mbele ya juri. Kila mumoja anapewa mwalimu wa kumuongoza. Yeye wakamupa asistan yule. Kisha siku chache nikamutupia neno ku ngazi, kwa sauti ya chini sababu ya sheria: "Mbanda, leo umesuka nywele na nani, na nyuki?" Akasema, "Ndiyo, Kambo."

Nikasimama na torsho, kitambaa ya kupanguza sakafu, mu mukono. Siku ya pili nikatupa ingine, kali zaidi, juu ya viatu vyake. "Ndiyo, Kambo." Mwenye homa anajibu. Mwenye njaa anajibu, anajibu hata vibaya. Huyu nilimulea ku ngazi hii miaka mingi, najua mudomo yake kama najua ndoo yangu. Nikasema, kuna kitu inakula huyu mutoto.

Saa saba ya muchana watu wote wanashuka kwenda kula, na mimi njo saa naosha koridoro ya juu, sababu hakuna miguu. Siku ile nikapanda na ndoo imejaa. Mulango ya asistan ilikuwa imefungwa nusu. Nikasikia sauti ile ya kuteleza:

"Mutoto wangu, sura ya tatu haiwezi kusahihishwa hapa. Hapa kuna joto. Siku ya posho, hapa kukifungwa, uje nyumbani, Mama wa nyumba amesafiri, tutakuwa na utulivu."

Na ya musichana, kidogo: "Mwalimu, ninaweza kuacha karatasi juu ya meza."

"Karatasi inaachwa. Travai haiachwe. Tarehe ya kutetea inatoka mu mukono hii, mutoto wangu. Mukono hii ikichoka, unarudi Moba kukausha samaki na mama yako."

Kisha nikasikia kiti inasogea.

Sikufikiri. Nilimwanga ndoo yote, maji ikapita chini ya mulango kama ziwa wakati inapanda mu nyumba za watu. Nikasukuma mulango. "Pardon, Mwalimu, ndoo imenishinda, ni uzee. Musikimbie, mutateleza. Mulango ikae wazi ikauke." Musichana akatoka ameshika viatu mu mukono. Asistan akaniangalia, na utamu yote ilikuwa imeisha mu sauti yake. "Mama, haujui kubisha hodi?"

"Mikono yangu iko na maji, Mwalimu."

Kuanzia siku ile koridoro ile ililowa kila siku saa saba. Wenye kupita wanapita pembeni, mulango zote ziko wazi kwa kukauka, na mimi niko pale na torsho, mita mbili mbele, mita mbili nyuma. Papa sentinel alipanda siku moja kuangalia. "Wee Mama. Hapa tutavua ndagala. Wee." Lakini nilijua kama maji si dawa. Maji inakauka, na siku ya posho mimi siko kazini.

Nikamushika musichana ku ngazi. Nikamwambia, "Nilisikia." Akafunga kitabu. Alisema yote bila kulia, kama muntu mwenye anasoma orodha. Siku ya posho hakuenda. Tangu hapo asistan anamurudishia karatasi bila kusoma, sura ya tatu mara ya sita sasa, na juu yake anaandika neno moja tu: haitoshi. Akasema, "Boti ya Moba inaondoka juma hii. Nimefunga mizigo. Nitamwambia Mama nimeshindwa masomo."

"Haukushindwa."

"Ni afazali asikie nimeshindwa, Kambo. Kuliko asikie ile ingine."

Miaka yote ya kuuza samaki kule Moba, na mwisho yake mutoto anarudi kubeba uongo juu yake mwenyewe. Nikamwambia, "Sanduku iko. Andika." Hapo akacheka, lakini kicheko mubaya. "Kambo, karatasi watamuonyesha ajitetee, na yeye anasoma mwandiko yangu tangu mwaka ya kwanza. Ananijua mupaka mukia ya herufi. Wasichana wote anatujua vile. Nani ataandika?" Nikamwambia aende ku kioski ya fotokopi, wamupigie ku mashine. Akasema mwenye kioski anasoma kila kitu kwa sauti wakati anapiga, na walimu wanapiga foleni pale pale.

Nilikaa juu ya ngazi, kando yake. Hao watu wenye akili nyingi walitengeneza sanduku kwa watoto kuandika siri zao, na wakasahau kama hapa kwetu mwandiko ya mutoto inajulikana na mwalimu kuliko sura yake. Kisha nikaangalia mikono yangu. Mu nyumba ile yote, kutoka Rekta mupaka Papa sentinel, kuna muntu mumoja tu mwenye hakuna mwalimu amekwisha kuona mwandiko yake.

Nikamwambia, "Acha boti moja ipite. Mimi njo nitaandika."

"Kambo, wewe haujue hata A."

"Utanionyesha. Nitachora. Kama najua kuchora maua ku kitambaa ya meza, herufi itanishinda nini?"

Tuliingia mu depo ya mifagio, mimi juu ya ndoo, yeye juu ya mufuko ya sabuni, saa ya kula, siku ine. Mulango tuliacha wazi, kwa kusikia miguu. Kwanza aliniandikia barua kwa Kifaransa, ndefu, yenye kuinama. Akanisomea. Nikamuuliza, "Hii inasema nini?" Akasema inaanza kwa kuomba radhi ya kusumbua komite. Nikamurudishia. Mimi sitachora maneno sijui, tena ya kuomba radhi. Tukaitengeneza kwa Kiswahili, fupi, vile muntu anasema:

*Mu biro yenye inatazamana na sanduku, mwalimu anaita wasichana nyumbani kwake. Asiyekuja, hamalize masomo. Musiulize ni nani. Muulize mwenye anaosha sakafu, alisikia.*

Ile mustari ya mwisho alikataa kabisa. "Watakufukuza kazi."

"Nitaenda kuuza mikebuka na mama yako. Kitu gani ya kuogopa, harufu?"

"Kambo, sifanye mizaha."

"Hata mimi sifanye. Karatasi bila muntu, wataikunja. Chora hiyo mustari, nami nitaifuata."

Nikachora. Siku ya kwanza nilianza upande ya mukono ya kuume, kila kitu ikawa inakimbilia mulango, tukachana. Herufi ya mustari moja nilikuwa natokwa nayo jasho kuliko kuosha ngazi zote. Alikuwa ananisimamia kama mwalimu wa watoto wadogo: "Kambo, hii ni tumbo, tumbo inakaa mbele. Umeitia mugongoni." Nikamujibu, "Nimeona watu wengi wa namna hiyo." Na siku ya tatu, niko nahangaika na herufi moja yenye mukia, nikasikia anasema nyuma yangu, pole pole, "Haishangaze bwana anakukimbia. Angalia ginsi unashika kitu." Sikugeuka. Niliendelea kuchora, sababu macho ilikuwa imejaa na sikutaka aone.

Siku ya tano asubuhi, mbele ya watu kufika, nilipanguza sanduku na kutia karatasi ndani. Muntu gani anashangaa kuona mwenye mufagio akipanguza?

Saa ine Mama wa komite akaniita mu biro yake. Sekretere wa Rekta alikuwa pale kwa kuandika. Karatasi yangu ilikuwa juu ya meza, na mu mwangaza ile niliona herufi zangu zimelala, zingine zimesimama, kama watu ku harusi saa ya mwisho.

"Mama," akasema, "hii ni mwandiko ya mutoto wa darasa ya kwanza."

"Ni yangu."

"Lakini wewe si ulitia kidole?"

"Kwa kukubali nilitia kidole. Hii ingine nilitaka ionekane."

"Nani alikuonyesha herufi?"

"Mama, karatasi inasema musiulize ni nani."

Aliondoa miwani. Akasema, na hakusema Wapendwa, "Una haki. Uniambie kitu ulisikia." Nikajaribu kusema kwa sauti yangu. Ikakataa kutoka. Mimi sijue kubeba maneno ya muntu bila kubeba na sauti. Nikamwambia, "Mama, unirehemu, nitasema vile alisema." Nikaweka mikono juu ya magoti, nikafunga macho, na nikaitoa ile sauti, mara ya kwanza mbele ya watu: mutoto wangu, hapa kuna joto, siku ya posho, mukono hii ikichoka. Mupaka mwisho, na pale kiti ilisogea, nikasogeza kiti.

Nilipofungua macho, Mama wa komite alikuwa anaangalia mulango, kama muntu ameingia.

Wakamuita asistan. Alikuja na tabasamu, akasikiliza, akaniangalia. "Huyu Mama? Mutaamini huyu Mama? Si yeye anaita wanafunzi mabwana zake kila asubuhi? Mulimukataza mbele ya watu wote, na bado anaita. Nani wa kwanza kuvunja sheria hapa?"

Nakubali, ilinigusa. Ilikuwa kweli. Mama wa komite akanigeukia, "Mama, unasema nini juu ya hiyo?"

Nikasema, "Ni kweli, naita. Naita ku ngazi, mbele ya wote, na mutoto ananijibu. Ananiita kobe. Ananiambia meno yangu iko likizo. Sasa muulize Mwalimu, mu biro yake, saa saba, mutoto alikuwa anamujibu nini?"

Kisha nikasikia "Hhh" upande ya meza ya pembeni. Sekretere alikuwa ameweka kalamu chini. Akasema, bila kuinua macho, "Mama wa komite, mimi nafanya kazi mulango ya tatu kutoka pale. Ile maneno ya mukono kuchoka, nimeisikia. Si mwaka hii tu. Nilikuwa nafunga mulango yangu." Akachukua tena kalamu, na chini ya karatasi yenye aliandika ushahidi yangu, pale nilikuwa nimetia kidole, akaandika jina yake mwenyewe, herufi kubwa.

Karatasi ilienda kwa Rekta siku ile ile. Nilikuwa naosha mbele ya mulango yake, sikuficha. Alisoma, alitoka, alisimama juu ya maji yangu na viatu vyake vizuri. Nilingoja atasema tutaona. Akasema, "Ni-me-o-na." Asistan walimuondoa ku wanafunzi wote, na mambo yake ikaenda ku wale wenye kuhukumu walimu. Wasichana wengine wakaanza kuja, mumoja mumoja, kwa mudomo, sababu sasa kila siku ya ine Mama wa komite anakaa mu chumba ya chini: mwenye anajua kuandika aandike, mwenye anajua kusema aseme. Sanduku aliibandua yeye mwenyewe. Iko mu biro yake, anaweka ndani sukari na majani ya chai.

Na siku moja aliniita. "Mama, nimefikiri juu ya mabwana zako." Nikasimama kama ku tribinali. "Siwezi kuandika mu sheria kama kambo anaruhusiwa. Lakini tusemezane sisi wawili. Mutoto asipojibu, unaacha."

Nikamwambia, "Mutoto asipojibu, Mama, siache. Nakuja kukuambia wewe."

"Sawa," akasema. "Hiyo njo muzuri zaidi."

Musichana wa Moba walimupa Mama wa komite mwenyewe kwa kumuongoza. Kumbe ile sura ya tatu haikuwa na ubaya, ilikosa tu kurasa mbili. Lakini mizigo yake hakuifungua. Kwa majuma mazima ilikaa imefungwa kule kwa shangazi, alinionyesha, kamba juu yake. Akasema, "Kambo, nitafungua nikimaliza. Ao nitaibeba vile iko." Sikumusukuma. Kila boti yenye inaondoka, nilikuwa naangalia ngazi asubuhi kama atakuwa pale. Alikuwa pale.

Siku ya kutetea, mama yake alifika na boti ya jana yake. Muntu mudogo, kitambaa ku kichwa, viatu vipya vinamubana, na beseni ya samaki mu mukono, sababu hakujua muntu anaenda ku juri na nini. Nilimujua mbele hajasema kitu, ilikuwa magoti ile ile ya korongo. Tulikaa pamoja nyuma ya oditwar. Mutoto alisimama mbele ya walimu watatu. Wakamuuliza, akajibu. Wakamukaza, akajibu. Mumoja akamwambia kama hapa mahesabu haisimame vizuri, naye akasema, "Kwa heshima yote, Mwalimu, geuza ukurasa, utaona inasimama." Walimu wakageuza ukurasa. Mama yake akanishika goti. "Anawajibu wakubwa vile?"

"Anawajibu," nikasema. "Njo kazi yake."

Walipotangaza pointi, vijana walimumwangia unga na poda, vile wanafanya kwa mwenye amefaulu, akawa mweupe mupaka kope za macho, na sakafu yangu nayo vilevile, lakini siku ile sikugombana na muntu. Tukatoka mu koridoro. Mama yake alikuwa anamupanguza uso na kitambaa yake mwenyewe, pole pole, kama ni mutoto wa kunyonya. Akamuuliza, "Ulikaa muzuri huku, mama? Watu walikutunza?"

Musichana akaniangalia. Mimi nikaangalia ukuta. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo tu, samaki iko, unga iko, siku ni nzuri.

"Walinitunza," akasema. "Lakini kuna kitu nitakuambia, Mama. Si hapa. Tufike kwa shangazi, nifungue mizigo, tukae."

Mama yake aliacha kupanguza. Alinipa beseni ya samaki nishike, akavua vile viatu vyenye kumubana, akashika mutoto wake mukono, na wakashuka ngazi wawili, yeye miguu chini.